Aliyekuwa Ndani ya Dubwana

Shangazi yangu alikuwa na siri moja tu maishani, na hata hiyo haikuwa ya kumpeleka mtu jela: alipenda filamu za madubwana. Sisemi hizi za siku hizi, ambazo dubwana hutengenezwa kwa kompyuta na kila unyoya unapepea peke yake. Yeye alitaka zile kuukuu, za watu wasio na kitu, ambamo kaa mkubwa anavutwa kwa kamba mbele ya macho yako na jumba linaloporomoka ni maboksi. Kadiri filamu ilivyokuwa mbovu ndivyo alivyoipenda.

Usingemdhania. Alikuwa fundi cherehani mwenye futikamba shingoni tangu asubuhi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Futi. Alishona suti za mahakimu na magauni ya maharusi, na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Bwana harusi akija amebana tumbo kwa kuzuia pumzi, Shangazi alisimama na chaki mkononi akamngoja mpaka apumue. Sasa ijulikane kwamba mtu wa namna hiyo kila mchana hujifungia chumba cha nyuma kumtazama mwanamume aliyevaa plastiki akimfukuza msichana, heshima itabaki wapi? Kwa hiyo wateja waliambiwa anapumzika. Mimi, niliyekuwa nikitia vishikizo na kupiga pasi pale dukani, nilikanyaga cherehani bila kitambaa ili kelele za chumbani zisisikike nje.

Duka likiwa tupu niliingia kutazama naye. Alizitazama kifundi. "Ona hiyo zipu mgongoni," alikuwa akisema. "Limelala chini ya bahari miaka elfu, na bado zipu haijafungwa vizuri." Hapo alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la kanga ya mteja, na mimi nikalazimika kuifua upya.

Kanda moja tu hakuicheka. Ilitengenezwa mjini kwetu zamani, na kikundi cha marafiki waliokuwa na kamera moja na mawazo mengi. Dubwana linaishi kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Linatoka, linavunja ukuta wa duka, linambeba binti wa mwenye duka, na mwishowe linapanda kilimani na kulipuliwa. Vazi la dubwana alilishona Shangazi mwenyewe, kwa turubai na sponji za magodoro, akashonelea magamba aliyoyakata kwenye ndoo za plastiki. Ndani aliingia mume wake, fundi bomba, mwanamume mrefu na mpole. Walikuwa wameoana punde tu. Alikufa kwa kichomi muda mfupi baada ya filamu kwisha. Picha ya harusi ilikuwepo ukutani, lakini picha haitembei. Kwenye kanda ile marehemu alitembea.

Mahali alipopapenda Shangazi ni pale kilimani. Kabla ya mlipuko, dubwana linageuka na kujishika kisogo, polepole. Alisema hivyo ndivyo mume wake alivyofanya kila asubuhi mlangoni alipokuwa akiaga, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimamisha kanda hapo, picha ikawa inatetemeka, akaanza kumpa habari za siku: nani amechelewa kuchukua nguo, mimi nimeunguza kola ya nani. Nilikuwa nikigeuza uso. Niliona haya, kisha niliogopa pia, maana pale hapakuwa na uso, ni mashimo mawili meusi tu.

Basi akaja fundi viatu mmoja kufungua kibanda ng'ambo ya barabara. Aliwahi kuishi mjini kwetu ujanani, akahama, sasa amerudi mzee, na watu walimwita Kisigino. Siku moja alileta jaketi lililoharibika zipu. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji. Hakukuta mtu mbele, akafuata sauti hadi nyuma. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba, jaketi mkononi, na kanda imesimamishwa pale pale kilimani.

"Kumbe hii kitu bado ipo," alisema akitabasamu. "Huyo ni mimi."

Shangazi hakugeuka. "Huyo ni mume wangu."

"Mumeo ndiye aliyeanza, shemeji, Mungu amrehemu. Maji ya machimbo yalimshinda, akawa anakohoa tu. Alikuwa anakuja kila siku, lakini akifika analala kwenye gari na blanketi, navaa mimi. Alitukataza tusikwambie. Alisema ukijua utamfungia ndani."

"Nguo ile niliikata kwa mwili wake. Wewe isingekuingia."

"Kweli, haikuniingia. Nilikuwa mnene kuliko yeye. Lakini tulipofumua ubavuni tukakuta umeacha kitambaa kingi ndani ya mshono. Tukasema, huyu fundi anajua kazi yake."

Nilimtazama Shangazi mikono, maana usoni sikuthubutu. Kwa miaka yote aliyonifundisha kazi, alinikazania jambo hilo: nguo ya mwanamume anayeoa iachiwe kitambaa cha ziada ndani, kwa sababu atanenepa. Kwa mume wake, bila shaka, alikuwa ameacha zaidi kuliko kwa yeyote. Alimwekea nafasi ya mwili ambao angeupata wakizeeka pamoja, na ndani ya nafasi hiyo akaingia mtu mwingine.

"Na kisogo?" aliuliza. "Kwa nini ulijishika kisogo?"

"Sponji ilikuwa inaniwasha."

Mzee wa watu hakuwa na ubaya, lakini nilitamani kumtoa kwa pasi ya moto.

"Nioneshe basi sehemu zipi ni zake," Shangazi alisema.

Kisigino aliikodolea picha macho. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Sikumbuki, shemeji. Hatukupiga picha kwa mpangilio, leo mwisho, kesho mwanzo. Zile za majini labda ni yeye. Za dukani sijui. Mle ndani kulikuwa giza, hata mwenyewe hujijui."

Shangazi alilipokea jaketi, akapima zipu, akamwambia siku ya kulifuata.

Hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Chumba cha nyuma kilikaa kimya. Kazi aliendelea nayo, ila suti za wanaume alianza kuzikata za kubana, mshono mwembamba, bila akiba hata kidogo. Bwana harusi mmoja alilalamika kwamba hawezi kuketi. Shangazi akamwambia asimame.

Kisha mchana mmoja aliniita. "Njoo ukae na mimi." Hakuwahi kuniita, siku zote nilijipeleka mwenyewe. Mlango aliuacha wazi, mteja yeyote angetuona, na hakujali. Akaiweka kanda ile.

Maji ya machimbo yalitikisika, dubwana likainuka. Shangazi akanishika mkono. Mtu aliyeyacheka madubwana yote ya dunia alikuwa ameogopa, na mimi nikashikwa na hofu hiyo hiyo. Mle ndani alikuwamo mtu anayetutazama, nasi hatukumjua.

"Huyu ni nani?" alininong'oneza.

Mimi nilizaliwa marehemu akiwa kaburini. Ninachojua juu yake ni kwamba alikuwa mrefu. "Ni yeye," nikasema.

Dubwana likavunja ukuta wa duka. "Na huyu?"

"Huyu pia."

"Umejuaje?"

Nikamkaza mkono. Likambeba binti, likapanda kilima. Nilitaka kuizima, lakini rimoti alikuwa nayo yeye. Dubwana likageuka, likajishika kisogo, na Shangazi akalisimamisha hapo kama kawaida yake. Akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa runinga. Safari hii hakulisimulia habari za siku. Aliyatazama yale mashimo mawili, akasema kwa upole, kwa sauti anayomsemeshea mteja asiyemfahamu:

"Mume wangu umemweka wapi?"