Chetezo Kwenye Chumba cha Baruti

Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimezima jiko. Kwa hiyo nilipoanza kujitengenezea risasi za bunduki yangu ya kulengea shabaha, pale nyumbani kwetu ughaibuni, Stanmore, miaka ya tisini, wasiwasi wangu ulipata kazi ya kudumu. Leseni nilikuwa nayo, bunduki ilikaa kwenye kabati la chuma. Baruti ya kila ganda la risasi niliipima mara mbili, kopo moja tu mezani, redio imezimwa. Mke wangu alinitania kwamba hata zafarani ya biriani haipimwi hivyo. Sikucheka.

Kisha mama akaja kutoka Unguja kukaa nasi miezi mitatu. Wakati wa mapinduzi alitulaza sisi watoto chini ya kitanda siku nzima, na tangu hapo hakutaka kuona hata bunduki ya plastiki. Nikamwambia kile chumba kidogo cha juu ni cha makaratasi ya kazi, nikakitia kufuli.

Alhamisi moja alasiri nilikuwa humo nikijaza risasi, simu ikalia ukumbini. Nikashuka, mlango nikauacha wazi. Hazikupita dakika tatu, nikasikia harufu ya udi. Kila Alhamisi mama alifukiza nyumba chumba baada ya chumba, na hicho kimoja cha kufuli kilikuwa kikimkera kwa kukosa moshi wake.

Nikapanda ngazi mbio. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, chetezo mkononi, anapepea kaa kwa upindo wa kanga. Kopo la baruti lilikuwa wazi karibu na kiwiko chake. Niliogopa hata kumshtua.

"Mama," nikasema taratibu, "acha kupepea. Rudi nyuma, uje kwangu."

Akaja. Nikakichukua chetezo, nikakikimbiza uani, nikakitia kwenye ndoo ya maji. Kwa haraka zangu nikaungua kidole.

Niliporudi juu nilimkuta mlangoni, risasi moja kiganjani.

"Hizi za nani?"

"Zangu, mama. Za mchezo tu."

Akaigeuza upande wa pili.

"Ungeniambia, mwanangu, nisingeingia na moto."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniwekea ile risasi mkononi, akaenda kutawadha. Mpaka anaondoka, hakufukiza tena udi nyumbani kwangu.