Fuwele ya Nabifo na Salamu za Mafubira

Nabifo alifika kwa baba yake, mtaani Mafubira, Jinja, akiwa na kompyuta mkobani na roho juu. Alifundisha fizikia Mbale huku akisomea shahada ya pili, na msimamizi wake chuoni alikuwa amemwandikia kwa ufupi: mchoro wako haufai, huenda kipimajoto kilibanduka kwenye fuwele. Kama kweli kilibanduka, kazi yote imekwenda na maji, maana maabara ya ugenini yenye baridi inayokaribia sifuri kamili haimwiti mtu mara mbili. Na kukibandika, alikibandika yeye mwenyewe.

Alikuwa akipima jinsi umeme unavyopita ndani ya fuwele, kijiwe ambacho atomu zake zimejipanga safusafu, yenye madini ya seri. Kila atomu ya seri ni kisumaku kidogo, na elektroni inayopita hushikwashikwa na visumaku hivyo hadi ikatembea kama iliyobebeshwa gunia. Vitabu vinasema baridi ikizidi, ukinzani wa umeme hushuka kwa mchoro unaopinda na kulala chini. Mchoro wa Nabifo ulikataa kulala. Ulishuka umenyooka kama fimbo. Basi ama kipimajoto kilidanganya, ama fuwele ilikuwa imefika pale visumaku vinaposita, havijui vijipange au vimezwe na elektroni. Hicho cha pili ndicho alichokuwa akikitafuta, lakini nani angemwamini?

Mzee Gidudu, askari magereza mstaafu, alipoona binti yake hagusi chakula, alimtaka wanyooshe miguu hadi dukani. Ungekuwa mwendo mfupi kama si salamu. Wanawake walipiga magoti, wanaume wakashika mkono wasiuachie, afande huyu, afande yule, habari ya Mbale, habari ya mihogo. Mzee alijibu yote, tena kwa raha zake. Nabifo alitamani kulia.

Mara magari ya harusi yakapita barabarani kwa honi na vigelegele, na watu wote wakageuza nyuso upande mmoja. Baba na binti wakapenya katikati yao bila kushikwa na yeyote, wakafika dukani upesi.

Nabifo akasimama mlangoni ameduwaa. Visumaku navyo vikigeuzwa upande mmoja, elektroni hupita kwa wepesi. Na alikuwa na vipimo alivyochukua chini ya sumaku kubwa, fuwele ileile, kipimajoto kilekile, alivyoviweka kiporo kwa ajili ya sura ya mwisho ya tasnifu yake. Kama kipimajoto kilibanduka, hivi navyo vingeharibika vilevile. Aliketi juu ya kreti la soda, akafungua kompyuta, akachora. Mchoro ukashuka, ukapinda, ukalala chini kama vitabu vinavyotaka.

Alicheka huku machozi yakimtoka. Siku nyingi hakuwa amevuta pumzi vizuri namna ile.

"Iko nini?" mzee akauliza.

"Kipimajoto ni kizima, baba. Kazi yangu ni nzima."

"Mungu asante." Mzee akachukua sukari yake. "Sasa turudi pole pole. Hawa watu tumepita bila kusalimia, watasema afande iko na maringo."

Wakarudi. Safari hii Nabifo ndiye aliyesimama kwenye kila mlango, akapiga magoti, akauliza hata habari za kuku.