Bwawa la Nyuma ya Jiko

Fundi alijua matofali. Samaki hakuwajua hata kwa salamu. Bwawa la nyuma ya jiko lilichimbwa na baba yake, na ni Fundi mwenyewe aliyelifukia kwa vifusi mara tu baada ya mazishi ya mzee, eti atajenga vyumba vya kupangisha. Vyumba vyenyewe havikuota hata msingi. Dada yake, mkubwa wake kwa umri na kwa ulimi, akaapa hatakanyaga pale mpaka bwawa lirudi. Na hakukanyaga, mtu mgumu yule jamani.

Uzee ukamtia Fundi woga. Akazoa vifusi, akaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, akajaza maji, akatia vifaranga vya perege. Waliponenepa akamwita dada aje avue. Dada akaja na ufito wa kuvulia aliochongewa na baba. Fundi nusura alie.

Wakaketi ukingoni. Nyungunyungu akatumbukizwa, akatoka mzima. Wakabadilisha chambo, wakahama upande, wakageuza hata viti. Wapi!

"Umeniita nivue mbu?" dada akauliza.

Fundi kichwa kikamzunguka. Jana si aliwaona kwa macho yake? Wameibwa? Au muuzaji kampa samaki wasiokula? Dada alikwishaanza kukunja uzi, na Fundi alijua akiondoka leo hivi, watakuja kuonana msibani.

"Dada, ngoja kidogo. Mimi sielewi."

"Lini ulielewa wewe?"

Mke wa Fundi akatoka jikoni na bakuli la makombo, akaligonga kwa mwiko. Samaki hao, tele! Wakaja juu, wakanusa makombo, wakageuka wakaenda zao.

"Wifi, kumbe unawalisha?"

"Kila siku. Leo nimewaongezea asubuhi, si tuna mgeni?"

Fundi akainamisha kichwa. "Na mimi niliwapa pumba alfajiri. Niliona aibu uwakute na njaa."

Dada akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakucheka. Akamaliza kukunja uzi, akasimama, na Fundi moyo ukamshuka mpaka kwenye ndara. Dada akaingia jikoni, akauegemeza ufito wa baba nyuma ya mlango, akarudi mikono mitupu.

"Huo unakaa hapo," akasema. "Na Jumapili msiwape kitu mpaka nifike."