Kitabu Hakiazimwi

Watu huniambia, "Editha, hasira hasara." Kwangu hasara ndiyo iliyotangulia, hasira ikafuata, na mpaka leo haijaondoka. Ukiniona nakunja uso nikipita kwa jirani yangu Dadi, ujue sababu ipo.

Baba yangu Tomasi alikuwa mkulima wa karoti na njegere huku Mgeta. Alisoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini alikuwa na kabati la vitabu ambalo hata mwalimu mkuu hakuwa nalo. Vya hadithi havikuwemo. Vilikuwa vitabu vya kumfanya mtu asisumbue watu: kufuga nyuki, kuunganisha miche, kujenga jiko linalokula kuni kidogo, kukausha mboga, kupika sabuni, kufunga mfupa uliovunjika, kupata maji porini. Sitini na saba. Nilivihesabu mwenyewe.

Alivikusanya miaka thelathini. Akishuka Morogoro Mjini na magunia ya karoti, wenzake walikwenda kula chipsi, yeye alikwenda kuchutama mbele ya wauza vitabu wanaotandika chini. Kwenye maonyesho ya Nanenane alijaza mfuko vijitabu vya bure, akipita kila banda mara mbili mpaka wale mabinti wakamjua kwa jina. Cha kuishi msituni aliachiwa na mtafiti mmoja ambaye baba aliwahi kumbebea mizigo. Kilikuwa cha Kiingereza. Alikisoma miaka miwili na kamusi pembeni, akiandika Kiswahili chake kwa penseli kwenye kingo za kurasa. Kila kitabu alikivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, akakichomekea pilipili kichaa kavu ili mende wasikisogelee. Ukifungua kabati lile, lazima upige chafya.

Na kabati lilikuwa na kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Na kila kitabu, ukurasa wa kwanza, aliandika: *Mali ya Tomasi. Kitabu hakiazimwi.*

Machi ya mwaka huu kifua kilimbana, akalala asiinuke tena. Akanivisha ule ufunguo na medali yake shingoni.

"Editha, hivi ni vyako. Sitaki hata kimoja kitoke nje ya mlango huu."

Nikaapa. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, nikaapa kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Alifariki Aprili, masika yamepamba moto. Kwetu msiba ukiingia, nyumba hutolewa vitu vyote ili watu wakae na walale kwenye mikeka. Kabati likabebwa likawekwa barazani. Mimi nilikuwa ndani nalia na wanawake wenzangu, sikujua. Katika kulibeba bawaba ziling'oka, mlango ukafunguka upande wa pili, kufuli likabaki linaning'inia halina kazi.

Sasa, ukoo wa Dadi na ukoo wa baba ni watani tangu enzi za mababu. Mtani msibani ana ruhusa zote. Anavaa koti la marehemu, anamwiga sauti, anazuia jeneza hadi apewe chochote. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Asubuhi ya pili, baba bado hajazikwa, kuni zote zimelowa chapachapa na watu zaidi ya mia wanasubiri uji. Nikasikia kicheko uani, si kicheko cha kawaida, watu wanapiga makofi. Nikatoka. Dadi kavaa koti la baba na miwani ya baba, kashika kitabu juu chini. Anakohoa kama baba. Anamwambia mama mmoja aliyeinama kwenye mafiga: "Unataka moto, mama? Moto umo humu! Lakini kitabu hakiazimwi!"

Watu wakaanguka. Wazee wazima wanajifuta machozi. Dadi akachana kurasa, akazisukumia chini ya kuni, akawasha kiberiti. "Leo Tomasi kaazimisha!"

Nikatazama kwenye majivu. Karatasi za saruji, moja juu ya nyingine. Cha kuishi msituni kilikuwa kimeshakwenda. Kitabu kile kilikuwa na kurasa nne nzima za namna ya kuwasha moto kwa kuni zilizolowa, nazo ndizo walizowashia moto!

Jamani, nilichanganyikiwa. Nilinyakua ndoo ya maji nikaimwaga yote mafigani. "Mshenzi wewe! Huna haya! Maiti iko ndani, wewe unachoma kazi ya mikono yake!" Uji ule ulichelewa hadi saa tano, na wazee wakanitoza kuku kwa kumkasirikia mtani msibani. Kuku nilimtoa. Hasira nilibaki nayo.

Dadi alivua miwani, akaiweka taratibu juu ya kabati. "Editha," akasema, bila mzaha, "hivi umejiuliza watu walikuwa wanacheka nini?"

Nikamwambia aende akafie mbali.

Vilibaki arobaini na kimoja, navyo vilikuwa bado hatarini. Shamba letu ni la ukoo wa mama, halina ubishi, lakini vitu vya mwanamume wa Kiluguru huenda kwa mtoto wa dada yake. Kwa baba huyo ni Stephano, fundi simu kule Mwembesongo, mjini. Siku ya kuvunja matanga nilikaa kikaoni nimeushika ule ufunguo. Ningewaambia nini wazee? Kwamba baba alinipa, na shahidi ni medali?

Stephano akafungua kabati, akapiga chafya. "Dada, hivi vya nini? Mambo yote siku hizi yamo kwenye simu." Akavitoa akavirundika sakafuni, akapakia kabati na koti, akaondoka. Niliokoka, na bado nilitamani kumrushia jiwe. Vitabu nikavipanga juu ya kitanda cha baba, nikavifunika turubai.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha siku nne bila kupumzika. Mteremko wa Dadi umepakana na wetu. Wetu una makinga maji, mifereji inayokata mlima kwa ulalo sawa, ambayo baba alinifundisha kuipima tangu nina miaka kumi. Wake ulikuwa mtupu. Asubuhi ya tano karoti zake zote, udongo na banda la mbuzi vilikuwa mtoni.

Akaja kwangu miguu pekupeku, matope mpaka magotini. Akapiga hodi, akasimama.

"Miaka mitatu iliyopita nilimwomba baba yako kile kitabu cha makinga maji," akasema. "Akakataa. Nikarudi na jogoo. Akakataa. Nikamwomba basi aje anionyeshe tu. Akasema nitafute changu, nisome kama alivyosoma yeye. Editha, kila aliyecheka siku ile alishawahi kurudishwa hapa mlangoni."

Nilitaka kumwambia mwongo. Mdomo ulishafunguka. Lakini yule jogoo nilimkumbuka, mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mimi ndiye niliyefunga mlango.

"Sasa nakiomba kwako," akasema Dadi.

"Hakipo."

"Hakipo, au hakiazimwi?"

"Hakipo! Ndicho ulichokishika juu chini ukiwachekesha watu!"

Akainamisha kichwa. Mzee mzima. Mwe! Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli, na haikujua imshike nani. Nilimchukia Dadi aliyechoma. Nikamchukia baba zaidi, Mungu anisamehe, maana Dadi alituharibia asubuhi moja, baba alitufichia miaka thelathini. Nami nilikuwa bawabu wake.

Nikaingia ndani nikatoa kile kipimo cha baba, vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe katikati. "Chukua jembe," nikamwambia. "Na usinisemeshe."

Lakini mtani wa baba ni mtani wangu, na utani una njia mbili. Kwa siku tatu nilimtukana kuanzia mfereji wa kwanza hadi wa mwisho. "Chimba, mchoma vitabu! Inua jembe, au unangoja Tomasi afufuke akusaidie?" Alichimba. Hakunikasirikia, maana haruhusiwi.

Siku ya nne akaomba kitabu cha nyuki. Nikakifungua ukurasa wa kwanza, nikausoma mwandiko wa baba, nikakikumbuka kile kiapo changu. Nikampa.

"Kikirudi na tone la uji, mtani, nitakuzika kabla hujafa."

"Wiki moja tu," akasema, akakiingiza ndani ya shati kwa sababu ya manyunyu.

Ni miezi minne sasa. Nikimfuata, ananiambia kipo kwa jirani yetu Yeremia. Yeremia anasema kipo kwa katekista. Mke wa katekista ananiuliza kama kile cha sabuni nimeshakipata, maana anakingoja. Vingine sita nilivyoazimisha baada ya hapo sijui viko wapi, na kimojawapo kimevuliwa karatasi yake ya saruji, nimeambiwa. Ndiyo maana nakunja uso.

Jana nilipita kwa katekista nikaona mizinga mitatu ya nyuki mtini. Wameitundika milango ikitazama upepo, na baba aliandika kwa penseli, ukurasa wa kumi na mbili, kwamba usifanye hivyo. Nikasimama pale njiani nikawafokea mpaka wakaigeuza.