Ini Lililopimwa na Daktari

Likizo moja, nikiwa bado nasomea udaktari wa mifugo, nilipata kibarua cha kukagua nyama kwenye soko la kambi ya wakimbizi, jirani na kwetu Kasulo. Siku ya kwanza tu nikakuta ini la ng'ombe limejaa minyoo inayochezacheza. Nikalichanjachanja kwa kisu kama tulivyofundishwa chuoni, nikamwamuru mchinjaji akalifukie.

"Ndiyo, daktari," akaitikia, karibu apige magoti.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, msomi mzima. Mama akanitengea ndizi na ini.

"Kula, mwanangu. Hili tumeligombania! Mchinjaji katuonyesha alama za kisu, akaapa limepimwa na daktari. Nikawaambia daktari huyo nimemzaa mimi."