Ijumaa ya Ndoa na Jaribio la Kalkulasi

Haya jamani, mliosimama kaeni, mliokaa kunjeni miguu mwenzenu apite. Na wewe muuza chipsi, punguza huo muziki kidogo, leo nasema jambo langu mwenyewe, si la jirani. Mmezoea mimi nikifungua mdomo mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi hili nimelicheka mpaka mbavu za kushoto zimehamia kulia, na bado linauma palepale.

Mie nilikosa mke kwa sababu ya kalkulasi.

Msinitazame hivyo. Na mie nilikuwa silijui hilo dubwana. Shule niliishia la tatu, kule Kurui, na hilo la tatu lenyewe nililisoma nikiwa na mzigo wa mihogo kichwani. Nilidhani hesabu zinaishia kwenye kugawanya. Kumbe mbele huko kuna nyingine za wakubwa, namba hamna, zimejaa herufi na vikia, ukizitazama ubaoni utadhani mchwa waliomwagiwa mafuta ya taa.

Mchumba wangu alikuwa anazisoma chuoni, Kibaha. Mimi nilikuwa na bodaboda yangu Kisarawe mjini, na kwao ni mtaa wa pili tu kutoka kijiweni kwetu. Posa ilikwenda, ikapokelewa, na haukupita muda yeye akapata nafasi ya chuo. Nikasema hewala, tutaoana huku anasoma. Jumatatu asubuhi nampeleka, Ijumaa jioni namfuata. Ile njia ya vumbi inayokatiza kwenda kutokea Kiluvya nimeipita mpaka mashimo yake yakawa yananisalimia. Kuna kilima kimoja nimekipanda na kukishuka hadi kikapungua kimo. Nendeni mkakitazame.

Wiki yake ya kwanza ilipoisha nikamfuata, nikamkuta ana karatasi mkononi. Masharti ya somo. Akanisomea njiani, kakaa nyuma yangu, ananipigia kelele sikioni upepo usimchukulie maneno.

"Simu izimwe darasani. Ukichelewa, mlango umefungwa. Kazi ya nyumbani ikichelewa haipokelewi. Ukinakili kwa mwenzio mnapata sifuri wote wawili. Vipindi ukivikosa sana, mtihani wa mwisho hufanyi. Ukifeli unapata sapu, mtihani wa marudio, ukifeli sapu unarudia mwaka, ukifeli tena unadisko."

"Kudisko ndiyo kucheza muziki?"

"Kufukuzwa."

"Kwani mmekwenda kusoma au mmefungwa?"

"Endesha wewe."

"Na mume akitaka kuja kukuona?"

"Hajatajwa."

"Basi hajakatazwa."

Akacheka, akanipiga helmeti kwa ngumi. Mie kicheko kile kilikuwa chakula changu. Naweza kushinda na njaa kutwa nzima, akicheka nimeshiba hadi kesho yake mchana.

Sasa jioni hiyohiyo, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi, baba yake akatuita tupange siku ya ndoa. Nilikwenda na mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mshenga. Baba mtu hakusoma lakini anauheshimu usomi kuliko wasomi wenyewe. Akasema, "Msomi hapa ni binti. Siku ataje yeye." Akaitwa. Akasimama mlangoni na ushungi wake, akainamisha kichwa, akafikiri. Halafu akataja Ijumaa moja, kule mwisho wa msimu wa korosho, baada ya swala. Mjomba akasema Mungu awabariki. Mie nikasema amina kwa sauti ambayo nadhani waliisikia Pugu.

Miezi ile nilikuwa mtu wa ajabu. Yale masharti niliyashika yote kichwani, nikaanza kuyatumia kijiweni. Abiria akikawia kutoka ndani, namwambia mlango umefungwa. Mwenzangu akinifuata nyuma anichukulie abiria, sifuri wote wawili. Wakawa wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia marahaba bila aibu. Nilijiona nimeoa na chuo chenyewe.

Siku moja njiani akaanza kunieleza hizo hesabu zake. Akasema, "Kuna kitu kinaitwa limiti. Unaisogelea namba, unaisogelea tena, unazidi kuikaribia, lakini huifikii."

Nikamwambia, "Hiyo naijua. Ni foleni ya Mbezi."

Akacheka mpaka nikaogopa ataanguka. Halafu akaanza kusema jambo, akalikatisha. Nikasema moyoni, amechoka mtoto wa watu.

Ikabaki wiki moja. Kadi zimeshagawiwa, masufuria yameshaazimwa, mama yangu ameshashona gauni ambalo ukilianika linafunika kiwanja cha mpira. Nikaenda kumfuata kama kawaida. Hata pikipiki sijaizima, akasema, "Ijumaa ile kuna jaribio la kalkulasi. Alasiri."

"Utalifanya siku nyingine."

"Halirudiwi. Labda uwe umelazwa hospitali, au umefiwa."

"Wanakupa sifuri?"

"Sifuri. Na nikiipata hiyo, somo lote ndiyo basi."

Mie nikampelekea habari mjomba. Tuahirishe, nikamwambia. Mjomba akakataa. Harusi iliyotangazwa ukiisogeza, watu wataanza kuulizana bwana harusi ana kasoro gani. Kwa baba yake ndiyo kabisa, mzee alishasema kama ni kusimama, kisimame chuo. Mjomba akafikiri, akatema mate pembeni, akasema jambo lenyewe dogo. Binti yuko mikononi mwa mwalimu, si ndiyo? Basi mwalimu naye ni mzazi, anaendewa kama anavyoendewa mzazi. Yeye ameposa kwenye nyumba zenye mbwa wakali, itakuwa mwalimu wa herufi?

Basi tukaenda. Mjomba nyuma yangu na kanzu na koti, mkeka mpya begani, kiroba cha mananasi kifuani, na jogoo kwapani. Jogoo yule, wallahi, alikuwa mkubwa kiasi kwamba askari wa barabarani pale Kibaha alimtazama mara mbili, nadhani alitaka kumuuliza kwa nini hajavaa helmeti.

Tukaonyeshwa ofisi. Ndani kuna dada mmoja mdogo, miwani, anasahihisha makaratasi. Akasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu wa kalkulasi tumemkuta?"

"Ndiye mimi. Karibuni."

Mjomba akakohoa. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye mvi. Lakini maneno alishayapanga tangu Kisarawe, hayarudi tumboni. Akatandika mkeka sakafuni, akaweka mananasi, akamweka jogoo juu yake, akakaa chini, akaanza kama anavyoanza kote. "Sisi wageni wenu tumekuja kwa heri. Tumepita nje ya bustani yenu tukaona ua. Kijana wetu huyu limempendeza. Tumekuja kuomba."

Yule dada akanitazama mie, akamtazama jogoo. Akasema taratibu, "Mzee, mimi nimeolewa. Nina watoto wawili."

Cheka wewe, cheka. Na mie nilicheka, nikajishika mdomo. Tukamweleza upya, tumekuja kwa ajili ya mwanafunzi wake fulani, ndoa yake ni Ijumaa hiyo, tunaomba jaribio lingoje. Akatusikiliza vizuri, hana dharau hata chembe. Kwanza akasema jogoo atoke, na mananasi pia. Mwalimu kupokea kitu kwa mtu wa mwanafunzi ni kosa, na anayeingia matatani ni binti. Nikambeba jogoo nikamweka dirishani kwa nje. Akawika.

"Mwanangu," mjomba akasema, "bi harusi siku hiyo si anakaa tu ndani na hina yake? Njoo na karatasi yako, atajibia hukohuko chumbani. Wali utakula."

"Haiwezekani mzee. Wote wanafanya pamoja."

"Lakini aliyefiwa unamruhusu."

"Namruhusu."

"Kwa hiyo kufa ruhusa, kuolewa hapana."

Yule dada akatabasamu, akavua miwani. "Kifo hakipangwi, mzee. Ndoa inapangwa. Ndiyo maana tarehe za majaribio tunawapa siku ya kwanza kabisa, kwenye karatasi ya masharti, wapange mambo yao. Sijabadilisha hata moja. Hata huyo bibi harusi wenu anayo."

Mjomba akaendelea kubishana. Mie sikumsikia tena. Nilikuwa nimerudi kwenye pikipiki, wiki ile ya kwanza, sauti sikioni, karatasi inapigwa na upepo. Alikuwa nayo mkononi. Kaiingiza ndani kwao, kaitwa, kasimama mlangoni, kafikiri. Halafu katika Ijumaa zote za Mungu akachagua ile.

Tulipotoka tukamkuta mchumba wangu barazani, kasikia kuna wazee wamekuja na kuku. Daftari kakumbatia kifuani. Mjomba akaenda kumshughulikia jogoo, akasimama pale karibu anajifanya haoni.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nilifikiri ikikaribia, baba atasema basi, ndoa ivunjwe. Kumbe kasema chuo ndiyo kivunjwe."

"Ungemwambia tu baba hutaki."

"Nilimwambia mama. Akaniambia ninyamaze, watu wameshapokea posa."

"Na mimi je? Mimi ungeniambia. Mimi ningekupiga?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti imenyooka, kama anajibu swali darasani. "Wewe ungenichekesha, kaka. Kila nikianza kusema, unanichekesha. Nikishacheka nasahau nilitaka kusema nini, halafu nafika nyumbani nalia. Ningekwambia wewe, ungetia utani wako, na mie ningecheka, na ningeolewa."

Kaka. Huko nyuma alikuwa ananiita kwa jina langu.

Jamani, mimi nina utani wa kila jambo. Nimewachekesha watu msibani mpaka marehemu akataka kuinuka aulize kuna nini. Pale nilitafuta neno moja, dogo tu, la kumfuta yule mtoto machozi, nikakumbuka kwamba hilo neno ndilo ugonjwa wenyewe. Mkono ukawa unachezea ufunguo wa pikipiki, unazunguka, unazunguka. Wanafunzi wanapita na mabegi yao, wanatukwepa kama watu wanavyokwepa dimbwi.

Nikamwambia, "Nenda kasome. Kwa mzee nitasema mimi ndiye niliyekataa."

"Atakuchukia."

"Na anichukie."

Akafuta uso kwa kona ya ushungi. Akasema ahsante, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akageuka aende darasani. Nikamtazama mgongo. Nilikuwa nimezoea yeye ndiye anayetazama wangu.

Alipofika mlangoni mjomba akashindwa kuvumilia. Alikuwa kasikia neno kwa neno, yuko na jogoo wake kwapani, kanzu imejaa manyoya. Akaita, "Binti." Yule akageuka. Baraza zima likageuka.

"Samahani mwanangu, nauliza tu, si kwa ubaya. Hilo jaribio ukilifeli je?"