Shimo Halilali Tupu

Katsuva alikuwa mchimba makaburi wa parokia, mtu mcheshi kuliko kazi yake. Sokoni Bunia watu walimwambia, "Muzee, usiniangalie hivyo, bado sijafikia kipimo chako." Naye aliwajibu kwamba wanene wangoje kwanza, jembe lake limechoka.

Mwaka wa 1979 ulikuja mpango wa kupanua barabara ya Komanda. Kabla ya katapila kupita, Mbelgiji mmoja, Musiyo Étienne, alitumwa kutafuta vitu vya watu wa kale ardhini: vigae vya vyungu, mawe yaliyochongwa, mabaki ya chuma. Alihitaji mtu wa kuchimba mashimo yenye kuta zilizonyooka, na kila aliyemuuliza alimtaja Katsuva.

Kazi ilimpendeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchimba bila mtu kulia pembeni. Lakini Musiyo alitaka mashimo yabaki wazi mpaka asubuhi, apate kuchora matabaka ya udongo. Hapo Katsuva akaingiwa na baridi. Wazee wake walisema shimo la kimo cha mtu likilala tupu huita mtu wa kulijaza, na huanzia nyumbani kwa aliyelichimba. Na nyumbani kwake Kahindo, mkewe, alikuwa karibu kujifungua, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kusali rozari.

Wazee hao hao waliacha dawa: shina la mgomba lilale mahali pa maiti. Basi jioni, Étienne alipokwisha kuondoka, Katsuva aliteremsha shina katika kila shimo, akasali Baba Yetu, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Asubuhi Étienne alikuta migomba imelala chali na kuta zimechubuka. Alifoka kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili: akiona mgomba tena, atatafuta mchimbaji mwingine. Katsuva alivua kofia, akamweleza habari za Kahindo.

"Lakini weye ni Mukristu," Étienne akasema. "Humutumainii Mungu?"

"Mungu anasikia, Musiyo. Shimo ndiyo haiko na masikio."

Étienne alijaribu kubaki na hasira yake, akashindwa. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha alikata fito mbili, akazilaza juu ya mdomo wa shimo. Wakalifunga shina kwa kamba, likaning'inia ndani bila kugusa ukuta. Katsuva alizunguka, akachungulia kila upande.

"Iko ndani," akakubali. "Ila yeye amepewa kitanda."

Tangu siku hiyo kila jioni wawili hao waliilaza migomba, na Étienne aliitakia usiku mwema mmoja mmoja, bonne nuit, bonne nuit.

Kahindo alijifungua salama, mtoto wa kike, wakamwita Masika. Étienne alifika na mkungu wa ndizi, akasema ni rambirambi kwa ukoo wa migomba.

Bwana alimwita Katsuva mwaka wa 1988. Vijana walichimba kaburi siku moja kabla ya maziko. Walipotaka kuondoka, Kahindo akauliza katikati ya machozi ni nani atakayelala humo usiku ule. Hakuna aliyebisha. Walileta fito mbili, kamba na shina.

Kesho yake, jeneza lilipowasili, shina lilikuwa bado linaning'inia. Kahindo akaliinamia.

"Toka sasa," akaliambia. "Mwenye kitanda amefika."

Kicheko kilianza kwa Masika, kikaenea makaburini kote. Padri alifunga kitabu chake, akangoja kimalizike.